Lesatima: wanaopanda wahesabiwe pia wakishuka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililoninyima usingizi tangu Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, nilipopanda Lesatima na binti yangu tukiwa tumesindikizwa na askari wa wanyamapori.

Lesatima ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya Nyandarua, ile ambayo wakoloni waliiita Aberdare. Kina mita 4,001. Hakihitaji kamba wala shoka la barafu. Mwenye miguu mizima na pumzi ya kutosha hukizunguka kwa siku moja. Unapandia upande wa Meno ya Joka, majabali yaliyochongoka angani, unafuata mgongo wa mlima hadi kileleni, kisha unarudi kwa upande mwingine ukivuka kilima baada ya kilima mpaka ulipoacha gari. Mianzi imebaki chini. Huku juu ni lobelia, nyasi za mafundo na udongo mweusi ulioshiba maji, ukiukanyaga unabonyea kama godoro lililolowa.

Asubuhi hiyo tulikuta mabasi madogo matatu ya kampuni moja ya kutembeza watu kutoka jijini. Nilihesabu vichwa 70 na ushei. Waongozaji walikuwa wawili, na wote wawili walitangulia na wenye kasi. Waliobaki nyuma wakawa wanafuata nyayo.

Saa tatu tulikuwa tunauona Mlima Kenya upande wa mashariki. Saa tano ukungu ulikuwa umeshuka hata nikamshika binti yangu mkono. Nyuma kidogo ya Meno ya Joka tukamkuta msichana ameketi kwenye jiwe, viatu vyake vya raba vimelowa chapachapa, meno yanagongana.

"Mzee, umewaona wenzangu?"

Hatukuwa tumemwona mtu kwa zaidi ya saa nzima. Namba ya mwongozaji alikuwa nayo, mtandao hakuna. Tulimvika koti, tukamnywesha chai ya chupa, tukaacha safari ya kileleni na kumshusha polepole. Kumbe wenzake walishakata mzunguko na kurudi kwa njia waliyojia, wakampita kwenye ukungu bila yeyote kujua. Tulipofika chini mabasi yalikuwa yanaunguruma tayari kuondoka. Nilimuuliza kiongozi wao ilikuwaje. Akanijibu, "Tulidhani yuko kwenye basi lile lingine."

Mhariri, usiku wa nyika ile huwa na jalidi, na nyati hutembea humo.

Sisemi vijana wasije. Nilipokuwa kijana, kupanda mlima ilikuwa shughuli ya Wazungu na askari, na leo nafurahi kumwona mtoto wa Githurai akiishangaa lobelia iliyomzidi kimo. Ninachokilalamikia ni kiti cha basi kuuzwa bila kujali nani atamwangalia aliyekikalia akishashuka.

Na mlima nao unaumia. Miaka saba iliyopita njia ile ilikuwa ya mguu mmoja mbele ya mwingine. Sasa pana mahali ingepita lori, kwa sababu kila mmoja wa wale 70 anakwepa tope la aliyemtangulia na kukanyaga nyasi za pembeni. Udongo ukishachubuliwa hivyo, mvua huusomba na jua huukausha, na Februari 2023 sote tuliona jinsi nyika ya Nyandarua inavyoshika moto ikikauka. Mto Malewa unaojaza Ziwa Naivasha unaanzia kwenye safu hii. Mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, yanayoinywesha Nairobi, yanategemea mito yake.

Langoni, idadi ya wanaoingia hujulikana hadi mtu wa mwisho, maana kila kichwa kimelipiwa na kukatiwa risiti. Wanaotoka hawahesabiwi na mtu. Naomba orodha ile ile ya asubuhi itumike jioni, na basi lisiruhusiwe kupita lango kabla majina hayajatimia. Kikundi kisicho na mwongozaji mmoja kwa kila watu kumi, na mwingine wa kutembea nyuma ya wote, kirudishwe. Na mzunguko wenyewe uwekewe nguzo fupi zenye rangi, hasa pale chini ya kilele njia inapogawanyika, ili watu wauzunguke wote badala ya kurudi kwa njia moja na kuikanyaga mara mbili. Nchi hii iliizungushia safu nzima uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, kazi ya miaka 20 hivi iliyokamilika 2009. Haiwezi kushindwa na nguzo za njia moja ya miguu.

Haya yote niliyaandika kwa ofisi inayohusika. Nakala yangu iligongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo sijapata jibu.

Msichana yule alinipigia simu juzi. Anataka kurudi amalize mzunguko wake, safari hii na viatu vya maana. Nimemwahidi kwamba Januari, mvua zikikatika, tutapanda naye mimi na binti yangu. Ningependa tukute walau nguzo moja pale njia panda.

Msomaji wako,
Ol Kalou