Ngitili za Kishapu zatosha kuitwa hifadhi

Maganzo, wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, inajulikana kwa almasi. Mji huu wa kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza umekua kwa fedha ya Mwadui, mgodi aliouanzisha John Williamson mwaka 1940, na kwa jasho la wachimbaji wadogo wanaochekecha changarawe wakitafuta bahati. Mali nyingine ya wilaya hiyo haizungumzwi sana sokoni: ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungulia ng'ombe kiangazi kinapokaza, nyasi za kwingine zikiwa zimekwisha.

Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliizuru Shinyanga, akaiita jangwa la Tanzania. Hakukosea. Tangu enzi za mkoloni misitu ilikatwa ili kuangamiza mbung'o, pamba ikafuata, mifugo ikaongezeka, kisha uhamiaji wa vijiji vya ujamaa ukawatenga watu na ngitili zao. Mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa Norway, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulianza kama miradi mingi: vitalu, miche ya miti ya kigeni, semina. Wafugaji hawakuvutiwa, na walikuwa na haki yao. Mti usiolisha ndama ni wa nini?

HASHI ilipogeukia ngitili, mambo yalibadilika. Hapakuwa na haja ya kupanda, kwa kuwa visiki na mbegu vilikuwa bado ardhini, vikisubiri kupumzishwa. Dagashida, baraza la mila, iliweka sheria na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikishwa mkoani zilikuwa takriban hekta 600; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wanyama walirudi bila kuitwa. Utafiti uliofanyika mradi ukielekea ukingoni ulihesabu aina 145 za ndege na 13 za wanyama wanaonyonyesha. Ulikadiria pia kwamba kuni, nguzo, dawa, asali na malisho ya ngitili vilimpatia kila mtu wastani wa dola 14 kwa mwezi, huku hasara ya wanyamapori ikiigharimu familia kama dola 63 kwa mwaka. Kwa kaya ya watu watano, faida ni kubwa mno kuliko hasara.

Ila wastani hauwafidii wenye mbuzi walioliwa. Fisi, mnyama ambaye Usukumani anahusishwa na uchawi na kwa hiyo hana wakili, anapiga hodi kwenye zizi moja, siyo kwenye mahesabu ya mkoa. Wilaya jirani ya Meatu ina Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao, inayoingiza fedha za wageni. Kishapu haina tembo wa kupigwa picha, na wafugaji wake wanabeba gharama ya uhifadhi bila hata bango la kuwashukuru.

Hapo ndipo Serikali ingepaswa kuanzia. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyamapori zipo. Mfugaji wa Maganzo azijue na azitumie, kama anavyopaswa mkulima wa kando ya hifadhi ya taifa. Muhimu zaidi ni hati. Mradi ulimalizika mwaka 2004, na tangu hapo ngitili za kaya zimekuwa zikigawanywa kwa warithi, mkaa ukiendelea kuwa na wanunuzi na shimo la almasi likitamanisha kuliko nyasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati za haki miliki ya kimila. Halmashauri ya Kishapu ingeanza na ngitili za vijiji, zile zisizo na mrithi mmoja wa kuzitetea, na iziingize kwenye mipango ya matumizi ya ardhi kabla leseni nyingine za uchimbaji hazijaombwa.