Tusiwakatie Uzi

Katika vipindi vya kazi za mikono, wanachuo wengi huingia darasani na nyuzi walizokwisha kuzikata sawasawa, kila mtoto apate kipande chake cha kupambia ufito wa kuvulia samaki. Nia ni njema, bali hapo mtoto amekwisha kunyang'anywa hesabu.

Mwanzi hauna unene mmoja. Shinani, mzingo ukiwa sentimita 6, mizunguko 20 ya uzi hula sentimita 120. Karibu na ncha, mzingo ukiwa sentimita 3, mizunguko iyo hiyo hula nusu yake. Mtoto na apime, akadirie, aongeze kidogo cha kufungia, ndipo akate. Uzi ukimpungukia kabla rangi nyekundu haijakutana na nyeupe, mwacheni afumue.

Wako watakaosema kuwa pambo halivui samaki. Ni kweli, lakini uzi uliokazwa vema huusaidia mwanzi usipasuke, nao hufungwa pasipo fundo: ncha ya kwanza hulazwa chini ya mizunguko, ya mwisho huvutwa humo kwa kitanzi. Jambo hili huwashinda hata wanachuo. Kipindi kimoja hakitatosha, ombeni viwili.