Watu wazima nao wapewe darasa la imani

Mtoto wa Kilutheri kwetu Kilimanjaro husoma kipaimara, hukariri Katekisimu Ndogo, akavaa nguo nyeupe na kupokea baraka. Baada ya hapo anaweza kuoa, kulea watoto, kuzika wazazi na kustaafu bila mtu yeyote kanisani kumwuliza yeye mwenyewe anaamini nini. Naona huo ni upungufu mkubwa, na dawa yake nimeiona ugenini.

Hapa Massachusetts, ninakofanya kazi ya uuguzi, nilikaribishwa katika darasa la watu wazima la usharika mmoja wa Unitarian Universalist. Dhehebu hili liliundwa mwaka 1961 kwa muungano wa makundi mawili: Waunitaria, ambao wazee wao waliukataa Utatu, na Wauniversalisti, waliohubiri kwamba Mungu hatamtupa yeyote milele. Hawana ungamo moja linalomlazimu muumini. Kwenye benchi moja utamkuta Mkristo, Mbudha na mtu asiyemwamini Mungu kabisa.

Katika darasa hilo kila mmoja huandika ungamo lake na kulisoma mbele ya wenzake. Mzee mmoja aliandika kwamba anaamini haki. Mama aliyeketi kando yake akamwuliza, kwa upole: haki ya nani, na mwezi huu umeifanyia nini? Mzee akanyamaza. Wiki iliyofuata alirudi na karatasi nyingine, akatueleza kwamba alikuwa amewapandishia wapangaji wake kodi, na sasa amewaandikia barua ya kuirudisha ilivyokuwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hii ni dini ya kila mtu kujipakulia anachopenda. Kanuni walizopitisha mwaka 1985 zilitaka ukweli utafutwe kwa uhuru na kwa uwajibikaji, na huo uwajibikaji ndio uliomtoa jasho yule mzee. Wala si mambo ya Wazungu peke yao; hata Bujumbura Warundi wenyewe walianzisha kanisa la Waunitaria.

Mimi niliandika habari za babu yangu. Hakubatizwa hadi anakufa. Alikuwa akimwaga pombe ya mbege chini ya migomba kwa ajili ya waliotangulia, na kwake hakuna mgeni aliyeondoka na njaa. Tangu kipaimara nilikuwa na hofu juu yake ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Katika Katekisimu kila amri hufuatwa na swali la maana yake, na jibu limekwisha kuchapishwa hapo chini. Swali langu halikuwa na mahali pa kuulizwa. Niliandika kwamba siamini Babu ametupwa, na kwamba Yesu ninayemfuata asingemtupa. Ningali Mlutheri, tena sasa nasali kwa moyo mweupe zaidi.

Hatuhitaji kubadili dhehebu ili kufanya hivi. Usharika wowote nyumbani unaweza kuanza na wazee wa kanisa: wapewe karatasi tupu na mwezi mzima wa kufikiri, kisha wakutane jioni moja, milango imefungwa, kila mmoja asome alichoandika bila kusahihishwa na mtu. Wakimaliza wao, wafuate wazazi wa watoto wa kipaimara, maana ndio wanaoulizwa maswali nyumbani. Na mchungaji asome ungamo lake kwanza.