Mji Ukimeza Kijiji, Nani Atashika Mfuko?

Juma hili twataka kusema juu ya jambo linalowahusu jamaa wote wakaao kandokando ya miji yetu. Mji ukikua hata kukimeza kijiji, ni nani atakayelipa taa ya njia, mfereji wa maji ya mvua na bomba la maji la watu wale?

Miji ya Butembo na Beni ilipewa cheo cha mji mwaka 2003. Butembo uligawanywa katika komini nne, yaani Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Na Beni vilevile katika nne, yaani Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Basi, mji upanukapo, mashamba ya maharagwe hugeuka viwanja. Mtu hulala mwanakijiji akaamka raia wa mji, wala hakuhama nyumba yake.

Kijijini, daraja likivunjika, watu huitwa kwa salongo, kila mmoja akaja na jembe lake, na jioni njia yapitika. Mjini si hivyo. Wengi huondoka alfajiri kwenda sokoni. Wapangaji huja na kwenda. Jirani hamjui jirani. Tena jembe peke yake haliwezi kuleta bomba, saruji, wala waya wa umeme. Yahitaji fedha, na mtaa hauna mfuko.

Yafaa tuelewe sababu yake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya utawala wa mahali yatambua mji, komini, sekta na usultani kuwa vyombo vyenye haki ya kuwa na bajeti yao. Mtaa ni kipande tu cha komini. Hauna bajeti, wala hauwezi kutoza kodi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 174, yasema kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Na kifungu cha 175 chasema kwamba majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa. Kisha, kwa sheria ile ya 2008, asilimia 40 ya fungu hilo la majimbo yashuke kwa miji, komini, sekta na usultani. Wanafunzi wetu na wapige hesabu: asilimia 40 ya 40 ni 16. Katika kila franka 100, franka 16 zingefika karibu na mlango wetu. Lakini miaka mingi imepita bila fungu hilo kushuka kama lilivyoandikwa.

Sheria hiyohiyo yataka komini iwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na watu. Nalo baraza hilo lilichelewa mno. Halafu mwezi wa Mei 2021 jimbo letu la Kivu ya Kaskazini liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na uongozi wake ukakabidhiwa maofisa wa jeshi na polisi. Hivyo mlipa kodi alikosa wa kumwuliza, “Fedha yangu iko wapi?”

Mahali penye pengo hilo watu hujisaidia. Yajulikana po pote jinsi wafanyabiashara wa Butembo, wakati serikali ilipokuwa mbali, walivyotoa fedha zao kwa ajili ya barabara na kazi nyingine za mji. Hatuna budi kuwasifu. Lakini mchango wa namna hii una hatari yake: atoaye sana ndiye asemaye sana, na njia iendayo kwenye ghala hutengenezwa kabla ya njia iendayo kwenye kisima cha mjane. Na mara nyingine mchango wa mtaa huokotwa nyumba kwa nyumba bila hati, wala hakuna ajuaye ulikoishia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, wengine walifanyaje? Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilisogezwa, mji ukapanuka hata karibu kilomita za mraba 690. Karen na Langata, zilizokuwa nje, zikaingizwa ndani. Wenyeji wake walikuwa na chama chao tangu mwaka 1940. Katika miaka ya 1990 walilalamika mahakamani kwamba halmashauri ya mji yatoza kodi ya ardhi bila kuwapa huduma, na mahakama ikawaruhusu kuiweka kando kodi ile. Waliweza kwa sababu walikuwa na chama kilichoandikishwa na daftari la wanachama. Kweli, wengi wao walikuwa watu wenye mali. Lakini utaratibu si mali ya matajiri peke yao.

Na Marekani, katika wilaya ya Miami-Dade jimboni Florida, sheria yaruhusu mtaa kuwekewa mipaka na kutozwa kodi yake ya pekee, kwa mfano kwa taa za njia au kwa walinzi. Kodi hiyo huandikwa pamoja na kodi ya nyumba ya kila mwaka, na fedha yake haitumiki nje ya mipaka ile wala kwa kazi nyingine. Hapo ndipo penye akili ya jambo lenyewe: mipaka inayojulikana, kazi inayotajwa, na hesabu inayosimama peke yake.

Kwetu mtaa hauwezi kujiwekea kodi ya namna hiyo. Tumekwisha ona kwamba Katiba yakataza. Lakini njia mbili ziko wazi. Ya kwanza, kuiomba komini, kwa barua yenye sahihi za wenyeji, iandike katika bajeti yake kazi ya mtaa fulani kwa jina lake. Ya pili, kuunda chama cha wenyeji kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida. Chama cha namna hiyo hupokea ada kwa hiari, si kwa nguvu, na chaweza kupatana na komini.

Tuseme mtaa una nyumba 600, na kila nyumba yatoa franka 1,000 kwa mwezi. Ni franka 600,000 kwa mwezi, na 7,200,000 kwa mwaka. Haitoshi kujenga barabara kuu. Hiyo ni kazi ya serikali, wala tusiiondolee wajibu wake. Lakini yasaidia kutengeneza bomba lililovunjika, na kuziba korongo kabla halijala nyumba.

Lakini chama kisiwe mzigo juu ya mzigo. Kila atoaye apewe hati. Mjane na mgonjwa wasiokuwa na kitu wasidaiwe. Mpangaji aulizwe shauri kama mwenye nyumba. Washika fedha wawe watatu, wala wasiwe wa ukoo mmoja. Hesabu ibandikwe ubaoni kila mwezi na kusomwa kwa sauti, maana wako wasiojua kusoma. Na kazi ikiisha, mchango wake nao uishe.

Nanyi jamaa wa Masereka, ambao viazi na mboga zenu zalisha soko la Butembo, msiseme kwamba mji uko mbali. Mji hauji na tarumbeta. Huja kiwanja kwa kiwanja. Kabla haujafika, andikeni katika daftari chemchemi zenu, njia zenu, ardhi ya shule na mipaka yake, mkatie sahihi mbele ya wazee na ya mkuu wa mahali. Siku mtakapoulizwa ni nini kilicho cha watu wote, mtafungua daftari, wala hamtatafuta mashahidi makaburini.