G3 ni ya Vita, si ya Mtaa
Ujerumani Magharibi iliwapa wanajeshi wake bunduki ya G3 mwaka 1959, ikiwaza vita na Warusi. Mwaka 1997 jeshi la Ujerumani likaanza kuiacha. Huku kwetu karao bado anashuka nayo Kibera na Kawangware siku ya maandamano.

Risasi yake ya milimita 7.62 inaua adui aliye mita 400 mbali. Sasa iwekee ukuta wa mabati. Inapita kwa jirani, inapita kwa jirani wa jirani, na mtoto aliyelala huko hajarusha hata jiwe. Agosti 2017 tukaambiwa eti ni wahalifu.

Sheria ya polisi ya 2011 inataka njia zisizo za nguvu zianze. Zianze vipi, na mkononi ni bunduki ya vita? Na msituletee hadithi ya mafunzo: risasi ikishatoboa mabati haijui nani alifunzwa. Zirudisheni ghalani.