Kadi Zifuate Kinywa cha Mtoto

Januari, wiki ya kwanza ya masomo, mwalimu wa darasa la kwanza hapa Mbulu hufungua daftari la mahudhurio na kuita watoto kwa majina ya baba zao: Tluway, Qamara, Slaa, Hhando. Wote wanaitikia. Kisha anageukia bango la silabi ukutani na kuanza: ba, be, bi, bo, bu. Kwenye bango lile hamna tl, hamna q, hamna sl, hamna hh. Jina ambalo mtoto amelisikia nyumbani tangu azaliwe linaanza na sauti ambayo shule haina kadi yake.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya zana na taratibu za kufundisha sauti za herufi. Najua kadi ni chache na manila ni ghali. Hata hivyo, nashikilia kwamba kinachotuangusha zaidi ni mpangilio. Kadi tulizo nazo zimewekwa kwenye boksi moja, kuanzia a hadi z, na somo linafuata boksi. Zingepaswa kufuata kinywa cha mtoto anayefundishwa.

Na vinywa vya Mbulu na Hanang ni vya aina yake. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga, kinachosemwa sana upande wa Katesh na Bassotu, ni cha Kiniloti. Kinyaturu na Kinyisanzu ni ndugu wa Kiswahili, lugha za Kibantu. Bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko na haina ndugu anayejulikana. Mwalimu mmoja anaweza kukutana na haya yote ndani ya kata chache. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, nami siombi hilo libadilike. Kiswahili kina irabu tano tu, na karibu kila herufi ina sauti yake moja. Mtoto akishazishika sauti, anasoma. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015 uliliona hilo, ukatutaka tufundishe sauti ya herufi kabla ya jina lake. Ninachoomba ni kwamba tujue mtoto ameingia darasani na sauti zipi, ndipo tupange zipi zitangulie na zipi zisubiri.

Chukueni z na v. Kiiraqw hakina hata moja. Nilipokuwa nafundisha darasa la kwanza, mtoto aliniandikia "sawadi" na "fitabu", nami nikapiga kalamu nyekundu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa ameandika sawasawa kile alichokisikia. Kalamu haikumfundisha kitu. Kilichomfundisha ni kiganja: nilimwambia aweke mkono kooni atamke sss kwa muda, kisha zzz. Koo likatetemeka. Alinitazama, akarudia, akamshika mwenzake kooni ili ahakikishe. Fff na vvv zikafuata njia hiyohiyo. Tangu siku hiyo kadi ya z sikuiweka tena jirani na ya s wiki za mwanzo. Niliiacha mpaka s ilipokaa vizuri, kisha nikazileta zote mbili mezani kwa pamoja, mikono ikiwa kooni.

Mwanzo nao uwe wa sauti ambazo kila mtoto anazo tayari. Ukianza na a, m, l, t, k, u, wiki ya pili darasa linasoma mama, lala, kata, tamu. Ukiongeza y na o, mtoto wa Kiiraqw anaweza kusoma aayo, yaani mama, na sioni ubaya wa neno hilo kukaa ubaoni dakika moja. Mtoto wa Kidatoga ana bahati yake: majina mengi ya wanaume huanza na Gida, ya wanawake na Uda, silabi ambazo bango linazo. Aanze na jina lake.

Kuhusu mahali pa kuzitunza kadi, mfuko wa salfeti ulioshonewa vimifuko vya safu tatu unatosha. Safu ya juu ni ya sauti zilizokwisha, ya kati ni za wiki hii, ya chini zinasubiri. Kipindi ni dakika 30. Tano za kwanza ni za sauti za jana na juzi, kadi zikiinuliwa harakaharaka bila maelezo. Inafuata sauti mpya, moja tu, kisha kuiunganisha na zile za safu ya juu, halafu kuandika, hata kama ni kwa kidole mchangani. Kabla kengele haijalia, kiongozi wa kila kundi ahesabu kadi na kuzirudisha. Hesabu hiyo tunairuka kwa haraka ya kutoka, na ndiyo sababu ifikapo Machi tunabaki na m tatu na a moja.

Halafu kuna mvua. Ikinyesha juu ya bati, darasani hakuna sauti inayosikika. S na z zinakuwa kitu kimoja. Kuweni na mfuko wa siku hiyo: vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi, silabi za kupanga kimya, wawili wawili. Kipindi kisipotee kwa sababu ya mawingu.

Mwalimu wa Dongobesh, wa Haydom, wa Endasak, wa Yaeda Chini: andika mpangilio wa sauti unaoutumia darasani kwako, wiki kwa wiki, na lugha za watoto ulio nao. Tutumie. Toleo lijalo tutauchapa kama ulivyouandika.