Baridi Haikumshinda Chui

Katika majadiliano yetu ya muhula huu mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba mnyama adimu hupungua kwa udhaifu wake mwenyewe, na asiyeweza kuishi na afe. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupata nafasi ya kumjibu, kwa kuwa kengele ya chakula ililia, na hapa kwetu hakuna hoja iwezayo kuishinda kengele hiyo. Basi namjibu katika gazeti letu.

Namtaka amtazame chui wa Amur. Huyu ni chui yule yule tumjuaye sisi, ila kwao ni katika vilima vya misitu mpakani mwa Urusi na Uchina, si mbali na mji wa Vladivostok, mahali ambapo theluji hulala ardhini miezi mingi. Wako wanaomchanganya na chui wa theluji wa milima mirefu ya Asia ya Kati, lakini huyo ni mnyama mwingine kabisa.

Majira ya joto manyoya yake huwa mafupi, yapata sentimeta 2 na nusu. Baridi ijapo, hurefuka hata kufika sentimeta 7, na rangi yake hupauka. Hutembea peke yake, aghalabu usiku, akivizia paa wa huko wenye pembe za matawi, na akikosa paa hula sungura. Akiisha kuua huificha nyama yake, asinyang'anywe. Mama hukaa na watoto wake karibu miaka miwili akiwafunza kuwinda. Je, huyu ndiye dhaifu?

Kilichompunguza ni misitu kukatwa na kuchomwa moto, watu kuwaua paa wake, na tamaa ya ngozi yake nzuri. Mnamo 2007 waliobaki porini hawakufika 40. Mwaka 2012 Urusi ilitenga hifadhi iitwayo Nchi ya Chui, na mwaka 2016 barabara kuu ipitayo huko ilifunguliwa njia chini ya mlima, ili chui wavuke juu yake kwa usalama. Leo wamezidi 100. Huhesabiwa kwa picha, maana hakuna wawili wenye madoa sawa. Baridi ni ile ile. Kama udhaifu ulikuwa wake, mbona ameongezeka mara watu walipomwachia nafasi?

Walakini sisemi kwamba chui ni malaika. Likizo iliyopita mmoja aliingia zizini kwa babu yangu akachukua mbuzi wawili, na mmoja wao ndiye aliyewekwa auzwe kwa nauli yangu ya kurudi shuleni. Babu alinena habari ya sumu, nami siku ile ningaliulizwa, ningalimwunga mkono. Huko Urusi nako, wafugaji wa paa waliwapiga risasi chui walioingia mazizini mwao. Hasira hiyo naijua, siicheki. Lakini siku ile hapakuwa na mtu nyumbani aliyesema chui yule ni dhaifu.

Babu hakuweka sumu. Tulikata miiba siku tatu, tukajenga zizi lipitalo kichwa changu kwa urefu, na nauli nilikopeshwa na mjomba. Mwenzangu na anijibu katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne